Baiskeli Kushuka Paani

Kwa zaidi ya nusu karne, familia ya Ulaya au Marekani iliyotaka kupeleka baiskeli zake mbali kwa gari ilizifunga juu ya paa, na ni wachache waliouliza kwa nini. Sasa baiskeli zinashuka. Mwenye gari la umeme anashauriwa na watengenezaji, na zaidi na mita iliyo mbele ya usukani wake, azihamishie nyuma: kwenye keria inayoshikwa na chuma cha kuvutia tela, au ndani ya buti pale nafasi inaporuhusu. Wapo wanaoona badiliko hili ni usumbufu ulioletwa na betri, wakalihesabu miongoni mwa mapungufu ya magari mapya. Naamini wametafuta sababu mahali pasipo pake. Historia ya kubeba baiskeli kwa gari ni historia ya upepo na ya nani anayeulipia, na gari la umeme halikuongeza gharama yoyote ambayo haikuwapo. Lilichofanya ni kuweka hadharani gharama ambayo petroli ilikuwa imeificha kwa miaka mingi.

Inafaa kuanza mbali kidogo, kwa sababu katika ukoo huu baiskeli ndiyo mkubwa. Mwezi wa Aprili 1881, jijini Paris, fundi Gustave Trouvé alifunga mota ndogo ya umeme na betri kwenye baiskeli ya magurudumu matatu iliyoundwa Uingereza, akaiendesha barabarani. Mwaka uliofuata William Ayrton na John Perry walifanya jaribio la namna hiyo London. Karl Benz alikuwa bado hajawasha gari lake la petroli, na lilipotoka na kupewa hataza mwaka 1886, nalo lilikuwa na magurudumu matatu ya spoki. Matairi ya upepo yaliyokuja kubeba magari ya dunia nzima yalianza na John Boyd Dunlop mjini Belfast mwaka 1888, na alichokuwa akishughulikia ni baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Barabara nzuri za Marekani zilidaiwa kwanza na chama cha waendesha baiskeli kilichoundwa mwaka 1880, wakati hapakuwa na dereva wa gari wa kuzidai. Viwanda navyo ni vilevile. Peugeot walitengeneza baiskeli kuanzia 1882. Škoda ya leo ilizaliwa mwaka 1895 katika karakana ya baiskeli ya Václav Laurin na Václav Klement, mjini Mladá Boleslav. Adam Opel alianza na cherehani huko Rüsselsheim mwaka 1862, akaingia kwenye baiskeli mwaka 1886. Magari yalikuja mwaka 1899, yeye akiwa ameshafariki. Kampuni yake ilikua hadi kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa baiskeli duniani, kisha mwaka 1936 ikaiuzia NSU biashara hiyo na kubaki na magari. Mama alikuwa ameachwa kando ya barabara aliyoisaidia kujengwa.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo kulikuwa na onyo ambalo lingetosha, kama lingesikilizwa. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuendesha gari kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa. Gari lake, La Jamais Contente, lilikuwa la umeme, na mwili wake uliundwa mfano wa torpido ili upite katikati ya hewa kwa urahisi. Ni jambo la kutafakari kwamba waliokuwa na betri ndogo na nzito ndio waliotangulia kuuheshimu upepo: kila tone la nguvu lilikuwa na thamani kwao. Hata hivyo Jenatzy aliketi juu ya torpido hiyo, kifua na kichwa nje kabisa, na chini yake fremu, springi na magurudumu vilikuwa wazi. Umbo zuri lilikuwa limebebeshwa juu yake kitu kilichosimama wima mbele ya hewa, na sehemu kubwa ya faida yake ikapotea hapo. Picha za siku hiyo zinaonyesha tatizo lote la keria ya paa, miaka mingi kabla haijabuniwa.

Petroli ilipoyashinda magari ya umeme katika miaka ya 1910 na 1920, uangalifu huo ulikosa sababu ya kuendelea. Na keria zilipokuja, hazikuja kwa ajili ya baiskeli. Thule, jina linalojulikana zaidi katika biashara hii, ilianzishwa mwaka 1942 nchini Uswidi na Erik Thulin, ambaye bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mtego wa samaki; mwaka 1962 kampuni ikaingia kwenye keria za kubebea vifaa vya kutelezea thelujini. Yakima, mshindani wake wa Marekani, ilianza mwaka 1973 katika mji wa jina hilo, jimbo la Washington, ikitengeneza vikanyagio vya mitumbwi ya kayaki, na mwaka 1979 ikapata wenyewe wapya waliohamia Arcata, California, na kuielekeza kwenye keria. Mbao za thelujini ni nyembamba na hulala. Mtumbwi umechongwa kupita katika maji, na hata hewani hupita kwa heshima. Paa lilikuwa mahali pa haki kwa mizigo hiyo miwili. Baiskeli ilipandishwa kwa sababu vyuma vilikuwa vimeshafungwa pale, na haina sifa hata moja kati ya hizo: ni mkusanyiko wa mabomba ya mviringo, spoki, nyaya, kanyagio na usukani uliotanuka, na umbo la bomba la mviringo ni miongoni mwa yale yanayovuruga hewa vibaya kuliko unene wake unavyodokeza.

Mambo matatu yaliifanya desturi hiyo ikae. La kwanza ni mfereji mdogo wa mvua uliokuwa kando ya paa la karibu kila gari. Ulikuwa wa chuma, imara, na wa namna moja kutoka gari hadi gari, hivyo keria moja iliweza kushika takriban gari lolote. La pili ni kifungio cha haraka cha gurudumu cha Tullio Campagnolo wa Italia, cha tangu miaka ya 1930, kilichowezesha gurudumu la mbele kutolewa kwa mkono na uma wa baiskeli kubanwa moja kwa moja kwenye keria. La tatu ni wingi wa baiskeli zenyewe. Mwaka 1972 Wamarekani walinunua baiskeli zipatazo milioni 14, nyingi kuliko magari mapya waliyonunua mwaka huo, na wanunuzi wengi walikuwa watu wazima waliotaka kuendesha mbali na mitaa yao. Mwishoni mwa muongo huo vijana wa Marin County, California, walikuwa wakipakia baiskeli kwenye magari ya mizigo hadi juu ya milima, wakishuka kwa mbio katika mashindano ya Repack. Kutoka kwao ikazaliwa baiskeli ya mlimani, ambayo karibu kwa asili yake huhitaji gari la kuifikisha njiani. Njia ya nyuma nayo ilikuwapo: tangu 1967 Dick Allen wa Massachusetts alikuwa akiuza keria ya mikanda inayoning'inizwa kwenye buti. Lakini ilikwaruza rangi, ikazuia buti kufunguliwa, na ilionekana kuwa ya mtu asiyeweza kununua ile ya juu.

Kuna sababu ya nne ambayo husahauliwa, nami naipa uzito mkubwa kuliko zote. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwezi wa Oktoba 1973, Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 88, kuanzia 1974, na sheria hiyo haikufutwa kabisa hadi 1995. Nguvu inayohitajika kuusukuma upepo hukua kwa mchemraba wa mwendo. Gari linalotembea kilomita 110 kwa saa linahitaji, kwa ajili ya upepo pekee, karibu mara mbili ya nguvu linayohitaji likiwa kwenye kilomita 88. Kwa hiyo miongo miwili ambayo Wamarekani walijifunza kuweka baiskeli juu ya paa ilikuwa miongo ya mwendo wa pole kisheria. Desturi ilikomaa wakati ushuru wake ulikuwa mdogo. Mwendo ulipofunguliwa, ushuru ulipanda na desturi ikabaki ilipo.

Msukosuko huohuo wa mafuta ulianza kuipiga desturi kutoka upande mwingine, ingawa hakuna aliyeona hivyo. Wahandisi walitakiwa kuyanyoosha magari. Audi 100 ya mwaka 1982 ilitangazwa kwa kipimo chake cha ukinzani wa hewa, 0.30, kwa fahari ambayo zamani ilihifadhiwa kwa nguvu za farasi. Vioo vililetwa sambamba na mwili na mifereji ya mvua ikaanza kutoweka. Keria zilipoteza mahali pa kushika. Jibu la biashara lilikuwa kubuni miguu na vibanio vya kila aina ya gari, hadi madukani kukawa na vitabu vinene vya kumwambia mnunuzi ni kibanio gani kinafaa gari gani la mwaka gani. Ubunifu huo unastahili sifa, lakini tazama kilichotokea: kiwanda kiliondoa mfereji wa sentimita mbili kwa sababu ya upepo, na mwenye gari akarudisha juu ya paa hilohilo kitu chenye kimo cha zaidi ya mita moja. Mwaka 2016 watafiti wa Maabara ya Lawrence Berkeley, California, walikadiria kuwa keria za paa za kila namna, nyingi zikiwa tupu, zilikuwa zikichangia karibu sehemu moja kati ya elfu ya mafuta yote yaliyochomwa na magari madogo nchini Marekani. Sehemu moja kati ya elfu ya mafuta ya taifa zima si kidogo, na hakuna aliyeihisi mfukoni.

Kwa nini haikuhisiwa? Hesabu rahisi inatosha. Tuseme baiskeli mbili juu ya paa, kwenye barabara kuu, zinaongeza mzigo wa kilowati 5 kwenye magurudumu. Gari la umeme hupoteza kidogo tu kati ya betri na gurudumu, kwa hiyo litatoa betrini karibu kilowati 6. Injini ya petroli hugeuza kama theluthi moja ya mafuta ya ziada kuwa kazi, hivyo itachoma kilowati 15. Gari la petroli ndilo linalolipa zaidi, tena zaidi ya mara mbili. Lakini lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9, na tangi la lita 50 linazo 450. Kilowati 15 kwa muda wa saa moja ni sehemu moja ya thelathini ya tangi. Betri ya kilowati-saa 60 ikitoa 6 zaidi kila saa, imepoteza sehemu moja ya kumi. Mshale wa tangi la mafuta hauwezi kuonyesha tofauti ile ya kwanza kwa namna ambayo dereva ataigundua, na hata akiigundua, kujaza tangi ni kazi ya dakika tano. Mita ya gari la umeme huandika tofauti ya pili kwa tarakimu, papo hapo, na kuigeuza kuwa kilomita: gari lililokuwa lifike kilomita 330 kwa mwendo wa 110 sasa litafika kama 250.

Hapa mtetezi wa petroli atasema kwamba nimekiri mwenyewe: kwa asilimia, hasara ya gari la umeme ni kubwa zaidi, na msafiri huishi kwa asilimia. Ni kweli, wala sitaki kulifunika. Dereva aliyebaki kilomita 80 pungufu ana shida halisi, hasa mahali ambapo vituo vya kuchajia viko mbalimbali. Lakini asilimia ni kubwa kwa sababu hesabu ya chini ni ndogo. Gari hilo lilikuwa likitumia nishati kidogo sana tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya kidogo hicho ni upepo. Ndiyo maana wahandisi wake wamehangaika na umbo kama Jenatzy alivyohangaika. EV1 ya General Motors, ya mwaka 1996, ilishushwa hadi 0.19, Mercedes EQS ya 2021 hadi 0.20. Ukilifanyia gari kazi yote hiyo kisha ukasimamisha baiskeli mbili juu yake, umelirudisha miaka arobaini nyuma kwa dakika kumi za kufunga mikanda.

Pingamizi jingine ni zito zaidi. Huenda upepo hauna neno hapa, baiskeli zimeshushwa na vioo tu, kwa kuwa magari mengi ya umeme yana paa la kioo lisilopenda kubeba kitu. Vioo vina sehemu yake, na uzito pia. Betri iliyolala sakafuni ina mamia ya kilo na imekula sehemu kubwa ya uzito ambao gari linaruhusiwa kuwa nao; mapaa mengi hupewa kikomo cha kati ya kilo 50 na 100, keria yenyewe ikiwa ndani ya hesabu. Papo hapo baiskeli nazo zimenenepa: ya umeme huwa na kilo 20 hadi 30, na kuinua chuma cha kilo 25 hadi juu ya kichwa ni kazi ambayo watu wengi wanaozinunua, wengi wao wakiwa wamevuka umri wa ujana, hawaiwezi. Lakini sababu hizi hazitoshi peke yake. Kioo kinaweza kuwekewa miguu ya keria, na watengenezaji kadhaa wameweka. Baiskeli nyepesi za kilo 8 bado zipo, na wenye nazo wanazihamishia nyuma vilevile. Kinachowahamisha ni ile tarakimu ya kilomita.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwa wale ambao hawajashusha. Magari ya timu katika Tour de France bado hubeba baiskeli juu, safu nzima, zile za viongozi zikiwa pembeni ambapo fundi anaweza kuzivuta bila kuruka nyingine. Mashabiki wa Kigali waliona magari hayo yakipanda vilima vyao wakati wa mashindano ya dunia ya Septemba 2025, na kabla ya hapo kwa miaka mingi katika Tour du Rwanda. Huko mwendo wa gari ni mwendo wa mwendesha baiskeli, upepo hautozi kitu cha maana, na sekunde tano za kubadilisha baiskeli zina thamani kuliko mafuta yote ya siku. Paa ni mahali pake kwa sababu hesabu inasema hivyo. Hata mwenye gari la umeme anayevuka mji mmoja kwa kilomita 40 kwa saa hana haja ya kuogopa keria ya juu. Na atakayesema kwamba dawa ni kupunguza mwendo tu, ana haki kubwa kuliko anavyopewa: kushuka kutoka 110 hadi 90 hupunguza nishati inayoliwa na upepo kwa theluthi moja katika safari ileile, baiskeli ziwe wapi ziwe. Ningependa ushauri huo utolewe kwanza, kabla ya kuuza chuma chochote.

Wenye kujibu hesabu hiyo kiwandani walichelewa. Opel, iliyoacha baiskeli mwaka 1936, ilionyesha mwaka 2004 kwenye gari la maonyesho liitwalo Trixx keria inayovutwa kama droo kutoka kwenye bampa la nyuma, na mwaka 2006 ikaiuza katika Corsa. Kwangu ni wazo bora kupata kutokea katika historia hii, na inasikitisha kwamba halikuenea. Magari mengi madogo ya umeme ya kwanza yalitoka bila ruhusa ya kuvuta tela, na kwa kuwa chuma cha tela ndicho kiti cha keria ya nyuma, baiskeli ikanyimwa nafasi kwa kosa lisilo lake. Volkswagen walilitenganisha jambo hilo vizuri katika ID.3 ya mwaka 2020: gari haliruhusiwi kuvuta, lakini linaweza kuwekewa chuma cha kubeba keria ya hadi kilo 75. Toa kilo 17 za keria, na baiskeli mbili za umeme za kilo 25 zinaingia, betri zake zikiwa zimetolewa na kuwekwa ndani ya gari ili kupunguza mzigo.

Nyuma nako kuna madai yake. Baiskeli hufunika taa na kibao cha namba, hivyo sheria za nchi nyingi za Ulaya hutaka keria iwe na taa zake na kibao kingine. Vihisi vya kurudi nyuma hudhani kuna ukuta. Magurudumu hutokeza kando na bado hushika upepo kiasi, ingawa sehemu kubwa yake hujificha katika hewa ambayo gari limeshaivuruga. Lakini dai gumu kuliko yote liko kituoni. Pampu ya petroli ilirithi njia ya kupita: unaingia upande huu, unatokea ule. Vituo vingi vya kuchajia vilijengwa kama maegesho, na gari ambalo tundu lake la kuchajia liko nyuma hulazimika kurudi nyuma hadi karibu na mashine. Lenye baiskeli mbili mgongoni haliwezi kufika, au linafika kwa kuziba njia ya wengine. Kampuni ya Uholanzi ya Fastned, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilichagua tangu mwanzo kujenga vituo vya kupita moja kwa moja chini ya paa refu la manjano, na mwenye tela au keria huchaji hapo bila kufungua kitu. Kwingineko mtu huyo bado anateremsha baiskeli, analichaji gari, na kuzipandisha upya.